Kulazwa kwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Maelezo kwa Mgonjwa wa Lubumbashi na Jamaa Atakayemlinda

Mtu wa Lubumbashi halazwi hospitalini peke yake. Jamaa huja na mikeka, ndoo na sufuria, na mmoja wao hulala karibu na kitanda. Kwa magonjwa mengi desturi hiyo ni msaada mkubwa, lakini katika upasuaji wa kupunguza uzito, ambao nilifanyiwa mimi mwenyewe, mapenzi ya jamaa ambao hawakuelezwa mapema yanaweza kumdhuru mgonjwa.

Jueni kwanza kitakachofanywa. Katika njia moja daktari huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na sehemu inayobaki huwa kama bomba jembamba. Katika njia nyingine, iitwayo baipasi, hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mwembamba.

Kabla ya kulazwa, mtajie daktari kila dawa unayotumia, pamoja na dawa za miti, na umwambie kama unakoroma sana au unakatika pumzi usingizini, kwa sababu habari hiyo humhusu mno atakayekupa dawa ya usingizi. Acha tumbaku. Huenda ukaagizwa kupunguza vyakula vya wanga kwa majuma mawili hivi, bukari ikiwa ya kwanza, ili ini lipungue na daktari aweze kufikia mfuko wa chakula kwa urahisi. Kwangu hayo yalikuwa majuma magumu kuliko upasuaji wenyewe.

Baada ya upasuaji utaombwa kusimama na kutembea mapema, mara nyingi siku ile ile, nawe utachomwa sindano za kuzuia damu isigande miguuni. Usikatae kutembea kwa ajili ya maumivu. Omba dawa ya maumivu, kisha utembee. Maji hunywewa kwa mafunda madogo madogo. Siku ya pili mama mdogo aliniletea bukari na sombe, akiamini kwamba nguvu zingenirudia, nami niliona uchungu kumkatalia mbele ya wagonjwa wengine. Mshono wa ndani ukiwa bado mbichi, chakula kigumu kinaweza kuleta kutapika na hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo mwombe daktari awaeleze jamaa mwenyewe, kabla ya siku ya kulazwa, kwamba kwanza ni vinywaji, halafu vyakula laini kwa majuma kadhaa, na vigumu baadaye kabisa.

Hatari ambayo mlinzi wa mgonjwa anapaswa kuikariri ni kuvuja kwa ule mshono wa ndani. Mapigo ya moyo yakienda mbio yasitulie, hasa yakipita 120 kwa dakika, au kukiwa na homa, pumzi fupi, maumivu ya tumbo yanayozidi au maumivu ya bega la kushoto, aitwe daktari mara moja. Usiku mmoja nilipolalamika kwamba moyo unanienda mbio niliambiwa ni woga tu. Dada yangu alikataa kurudi kwenye mkeka mpaka nilipopimwa, na ninamshukuru hadi leo. Mshono unaweza kuvuja hata baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, na hapo ndipo sisi hukosea zaidi: tukiona homa tunasema ni malaria, tunanunua dawa na kusubiri siku tatu. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini ipimwe hospitalini, huku daktari akijua kwamba mgonjwa amepasuliwa.

Mwenye kisukari apimwe sukari mara kwa mara, kwani dozi ya zamani inaweza kuishusha kupita kiasi. Vitamini na madini hunywewa maisha yote, na mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18.

Kabla ya kuondoka omba karatasi ya Kifaransa yenye aina ya upasuaji, tarehe, simu ya daktari na onyo kwamba usipewe ibuprofeni wala diklofenaki bila ruhusa yake, kwa maana dawa hizo zinaweza kuleta vidonda. Toa nakala mbili: moja ikae kwenye mkoba wako, nyingine kwa yule aliyekulinda.