Huyu "Takwimu, O. T." ni nani?

Kama unaandika tasnifu na marejeleo yako unayapanga kwa Zotero, ambayo ni programu ya bure, kagua leo waandishi wote ambao si watu. Kila mwandishi humo ana visanduku viwili: jina la mwisho na jina la kwanza. Ukiingiza ripoti ya Sensa ya 2022, jina la Ofisi ya Taifa ya Takwimu likagawanyika kwenye visanduku hivyo, orodha yako ya marejeleo kwa mtindo wa APA itatoa kioja kama "Takwimu, O. T." Msimamizi hataacha kuuliza ni ndugu yako au vipi. Pembeni ya jina kuna kitufe kidogo kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Kibonyeze, andika jina zima la taasisi, basi.

Majina ya watu nayo yatazame. Programu huchukua taarifa kama zilivyo kwenye tovuti, na tovuti nyingine zimeyapindua. Linganisha na jalada la kitabu chenyewe.

Nambari ya ukurasa iandike palepale unaponakili nukuu. Mimi niliahirisha, wiki ya mwisho nikarudi maktaba kusaka sentensi moja kwenye kitabu cha kurasa 400, nikakuta kimeshaazimwa.

Halafu, hifadhi ya bure ya Zotero mtandaoni ni MB 300 tu. PDF za kuskani huimaliza upesi, ila marejeleo yenyewe hayahesabiwi humo. Ni mafaili tu.