Trei ya kubebea barafu isiyodondosha: ijenge hivi

Kama umewahi kubeba bonge la barafu toka kwenye friza mpaka sebuleni, afu ukageuka nyuma ukakuta matone yamekufuata njia nzima, basi hii nimekuandikia wewe. Mi nimehangaika na hiyo ishu muda mrefu mpaka nikajua nilikuwa naangalia sehemu ambayo siyo kabisa.

Nilikuwa na trei ya bati, nzima, kingo zake ndefu, na bado ilikuwa inadondosha. Nikajua ina tundu. Nikaijaza maji nikaiweka juu ya gazeti kavu, saa nzima, gazeti likabaki kavu. Nikarudisha barafu, nikakausha chini kwa kitambaa, nikainyanyua juu nikawa naichungulia kwa chini. Ndo nikaona. Kwanza bati likaingia ukungu kama kioo ukikihemea, ukungu ukawa vitone vidogo vidogo kama vichwa vya pini, vitone vikaanza kushikana viwili vitatu vikawa vikubwa, tone moja likateleza mpaka kwenye kona, likaning'inia kidogo, likaanguka. Hayo maji hayakutoka ndani ya trei hata kidogo, yalitoka hewani. Trei ilikuwa inatoka jasho.

Kwa hiyo elewa hili kabla hujashika msumeno: barafu ina maji ya aina mbili ya kukusumbua. Kuna maji yanayoyeyuka, hayo yako ndani na kuyazuia ni rahisi, unahitaji tu chombo kisichovuja chenye kina cha kutosha. Na kuna jasho la nje, linalotokea pale ubaridi unapopenya mpaka upande wa chini, hewa yenye unyevu inaugusa na mvuke unageuka maji. Mfano, chumba kikiwa na joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 70, kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 22 hivi kitatoka jasho. Barafu inayoyeyuka iko kwenye sifuri, na bati linapitisha ubaridi haraka sana, kwa hiyo chini ya bati hukosi maji hata ukilichomelea vipi. Dawa yake ni chombo ndani ya chombo, na katikati foamu.

Tuanze na saizi manake kila kitu kinafuata ukubwa wa bonge lako. Mi natumia bonge la lita nne za maji, yaani kilo nne. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, kwa hiyo ukiyagandisha kwenye chombo cha urefu sm 30 na upana sm 15 unapata bonge la kimo cha karibu sm 10. Bonge lako likiwa tofauti badilisha vipimo, ila acha sm 3 kila upande kati ya barafu na ukuta. Beseni la ndani basi liwe sm 36 kwa 21, na kina sm 10. Hicho kina sijakikisia tu: kilo nne zote zikiyeyuka humo ndani maji yatafika sm 5 na kidogo, na ukiinamisha trei nyuzi 10 kwa urefu, kama mtu anavyofanya bila kujua akipanda ngazi, maji yanapanda upande mmoja mpaka sm 8 na nusu. Kwa hiyo sm 10 zinakulinda hata siku umesahau barafu mpaka ikaisha yote.

Beseni lenyewe usilijenge, litafute lililo tayari, la plastiki, la kipande kimoja. Nimeona watu wanaunga bati au plaiwudi afu wanapaka silikoni kwenye kona, inakaa miezi kadhaa afu inaanza kuachia, kwa sababu baridi na joto vinaivuta huku na huku. Kitu kisicho na ungio hakina pa kuvujia. Geuza beseni uangalie chini, kuna alama ya pembetatu yenye namba ya aina ya plastiki. Chukua namba 2, hiyo plastiki inabaki ngumu kwenye baridi. Namba 5 nyingine zinakuwa rahisi kuvunjika zikikaribia sifuri, ukidondosha bonge beseni linapasuka. Na kama barafu ni ya kutia kwenye vinywaji hakikisha kuna alama ya glasi na uma. Mabeseni mengi yanakuwa membamba kwa chini kuliko juu, haina shida, pima kwa juu, huko chini nafasi itakayobaki utaijaza foamu.

Sasa boksi la nje. Plaiwudi ya milimita 12. Kwa beseni la saizi hiyo na foamu ya sm 2.5 kila upande, ndani ya boksi panatakiwa pawe sm 41 kwa 26, na kimo sm 12.5. Kata kitako sm 43.4 kwa 28.4, mbavu ndefu mbili sm 43.4 kwa 12.5, na mbavu fupi mbili sm 26 kwa 12.5 ambazo zitakaa katikati ya zile ndefu. Piga gundi ya mbao ile inayovumilia maji, toboa vitundu vidogo kwanza ndo uingize skrubu, ukilazimisha skrubu kwenye ubavu wa plaiwudi inapasuka tabaka. Piga msasa, afu vanishi, ndani na nje, mikono mitatu, na zile kingo zilizokatwa zipakwe zaidi kwa sababu ndo zinakunywa maji.

Hapa subiri. Vanishi ikauke kabisa, isiwe na harufu, ndo ulete foamu. Foamu nyeupe ngumu, ile inayokuja kwenye maboksi ya TV, ikigusana na vanishi mbichi au gundi ya viatu inaliwa, inayeyuka inabaki mashimo. Mi ilinipata hiyo, nikafungua boksi nikakuta foamu imekuwa kama imetafunwa na panya. Ni bora uipachike kwa silikoni au uibane tu bila gundi.

Vishikio vinafungwa sasa hivi, kabla ya foamu na beseni, manake baadaye hutaweza kufika ndani. Weka kwenye mbavu fupi, moja kila upande, kwa bolti na nati na washa pana kwa ndani. Bolti inapita kwenye plaiwudi tu, beseni haliguswi. Kishikio kiwe na nafasi ya sm 11 au 12 kwa vidole vinne, kinene kama sm 3, na kitoke ukutani kama sm 4 vifundo vya vidole visikwaruzike. Kuhusu urefu toka chini nakuomba usifanye mchezo: viweke karibu na juu, kama sm 11 toka kitakoni. Bonge litakaa juu ya chanja, yaani kichaga cha kulinyanyua toka kwenye maji, tutakitengeneza mbele, uzito wake unaangukia kwenye kimo hichohicho. Vishikio vikiwa chini mzigo unakuwa juu ya mikono yako na trei inataka kupinduka kila ukigeuka kona, unaisikia kabisa kwenye viganja, na maji yanafuata.

Foamu ya kitako inaingia kwanza, sm 41 kwa 26, afu za pembeni zenye kimo cha sm 10. Kata kwa wembe mkali au kisu cha karatasi, polepole, isibaki mianya, palipobaki mwanya jaza vipande, kwa sababu penye mwanya ndo ubaridi utapita na hapohapo ndo utakuta jasho. Unene wa sm 2.5 usipunguze. Mi nilianza na sm 1 nikiona inatosha, siku za unyevu chini bado palikuwa pananata ukipitisha kiganja. Kwa sm 2.5 pamoja na plaiwudi, upande wa chini unabaki chini ya joto la chumba kwa nyuzi nne hivi tu, kwa hiyo jasho halina pa kuanzia.

Beseni likishakaa, juu yake inakuja fremu, na hiki ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu kinafanya kazi tatu. Ni ukanda wa plaiwudi wa upana wa sm 5 kuzunguka pande zote nne. Unafunika ukingo wa boksi na foamu, unabana mdomo wa beseni usinyanyuke, na unaingia ndani ya beseni kama sm moja na kidogo, kwa hiyo wimbi la maji likipanda ukutani linagonga ule ukingo linarudi chini badala ya kuruka nje. Chini ya fremu weka mstari mnene wa silikoni kuzunguka mdomo wote wa beseni. Silikoni haishiki vizuri kwenye plastiki ya namba 2, inabanduka kama ngozi, kwa hiyo usiitegemee kama gundi. Hapa inafanya kazi ya gasketi, yaani kiziba kinachobanwa katikati, kinachoibana ni skrubu za fremu zinazoingia kwenye plaiwudi ya boksi, nje kabisa ya beseni. Kaza, futa iliyotoka, acha saa 24. Usipoziba hapo hewa yenye unyevu itaingia kati ya beseni na boksi, itatoka jasho humo ndani usikokuona, na siku moja utashangaa trei inanuka na plaiwudi imevimba.

Chanja ya ndani. Barafu ikikaa kwenye maji yake inaelea kidogo, inateleza, na kila ukitembea inasukuma maji kama mtu anayeogelea. Inyanyue. Mi nilikata ubao wa plastiki wa kukatia mboga: vipande sita vya urefu wa sm 20, kimo sm 2, upana sm 1.5, vimekaa kwa kukingama kwenye upana wa trei, kimoja kinagusa ukuta wa kushoto kinachofuata wa kulia. Hivyo vinakata wimbi, maji yanabidi yapite zigizaga, hayawezi kukimbia toka mwisho mmoja mpaka mwingine kwa mpigo. Ni sehemu ndogo lakini ukitembea nayo ndo unaiona thamani yake. Juu yake panga vipande viwili virefu vya kimo cha sm 1, vimeachana kama sm 9, vifunge kwa skrubu za stenlesi, barafu inakaa hapo. Pembeni weka vizuizi vidogo vinne barafu isiteleze. Chini ya bonge una nafasi ya karibu lita moja na robo tatu ya maji kabla hayajaigusa barafu. Chanja usiigundishe kwenye beseni, iwe inatoka ili uoshe.

Kuna wanaoniuliza kuhusu koki ya kutolea maji. Mi siitaki. Kila tundu kwenye beseni ni mahali ambapo pataanza kuvuja siku moja, na kumwaga kwa kona moja kunachukua sekunde tano. Kwenye hiyo kona ondoa ule ukingo wa fremu unaoingia ndani, kiasi cha vidole viwili, maji yatoke vizuri.

Miguu minne ya mpira chini, basi, hapo imeisha.

Ijaribu kabla hujaiamini. Mimina lita nne za maji, iweke juu ya gazeti nusu saa. Afu acha lita mbili, weka juu ya chanja kitu kizito cha kilo nne, tembea nayo nyumba nzima, simama ghafla, panda na kushuka ngazi kama zipo. Mwisho ndo barafu yenyewe, saa nzima kwenye gazeti kavu, pitisha kiganja chini kote. Ukikuta sehemu imelowa, nyuma yake foamu ina mwanya.

Kwenye matumizi, bonge ukilitoa kwenye chombo kwa kulimwagia maji, liache lichuruzike kwenye sinki kwanza, usilibebe likiwa limelowa. Mwaga maji kabla ya kupanda ngazi. Na kama unaweka kitambaa juu ya barafu, ncha zake ziwe ndani zote, hata kipande kidogo kikining'inia nje kinanyonya maji, kinayapandisha ukingoni na kuyatiririsha sakafuni polepole, nimeona kitambaa kikitoa glasi nzima hivyo na trei yenyewe haina kosa lolote. Kifuniko ni kizuri zaidi. Hewa yenye unyevu ikigusa barafu inaacha mvuke wake pale, na kila gramu ya mvuke inayotua inatoa joto la kuyeyusha zaidi ya gramu saba za barafu, kwa hiyo ukifunika hata kwa kipande cha foamu bonge linakaa muda mrefu zaidi na maji ya kumwaga yanapungua. Ukimaliza toa chanja, futa beseni, isimamishe kwa ubavu mahali penye hewa mpaka ikauke.