Jinsi ninavyopanga vyeti na kuzunguka mjini na shughuli zangu bila kuona

Juma lililopita nilikaa nusu siku na kijana wa mtaani kwetu aliyepoteza uoni mwaka jana. Mama yake alikuja na mfuko wa rambo (huo huo uliopigwa marufuku 2019, sijui wameutunza wapi) umejaa kila karatasi aliyowahi kupewa tangu azaliwe. "Dada, tuanzie wapi?" Tulianzia hapa.

Hatua ya 1: Cheti kimoja, mfuko mmoja

Nunua stesheneri ile mifuko ya plastiki ya A4 inayopita mwanga. Tafuta mwenye macho unayemwamini, akusomee kila karatasi, hadi jina lililoandikwa. Asikwambie tu "hiki cha kuzaliwa" akakiweka pembeni. Kwa mtindo huo nilibeba cheti cha mdogo wangu kutoka Mbagala mpaka Posta, nikakaa foleni asubuhi nzima.

Hatua ya 2: Alama

Mimi naandika kwa nukta nundu (maandishi ya vipele yanayosomwa kwa vidole) kwenye stika, herufi mbili zinatosha: KZ ni cheti cha kuzaliwa, BM bima, K4 kidato cha nne. Kwenye hiyo K4 usisahau alama ya namba, nukta 3, 4, 5 na 6, maana bila hiyo utasoma "kd" na kubaki unajiuliza. Stika bandika kwenye mfuko, kamwe si kwenye cheti, na cheti chenyewe usikitoboe. Iwe daima pembe ya juu kulia, upande ule ule cheti kinakotazama. Hapo kidole kinakwambia mambo matatu kwa mara moja: ni karatasi gani, juu ni wapi, na uso wake uko upande gani.

Kijana wangu hajui nukta nundu bado, kwa hiyo tulipiga pini za stepla ukingoni mwa mifuko ikiwa mitupu: moja, mbili, tatu. Ni ya muda tu. Nimemwambia ajifunze, na sitanii. Wanaosema simu imeua nukta nundu hawajawahi kuishiwa chaji wakiwa dirishani.

Hatua ya 3: Kupiga picha ya cheti

Siku hizi maombi mengi ni ya mtandaoni, na hapa ndipo nilipoteseka. Jioni moja nilipiga cheti kimoja kwa zaidi ya saa tatu. Nilibadilisha meza, nikafuta kamera, nikapakua programu mbili mpya. Mwanangu aliporudi akauliza, "Mama, mbona umekaa gizani?" Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja, na mimi feni sikuwa nimeiwasha, ningejuaje?

Kwa hiyo kwanza: mwanga. Piga mchana, karibu na dirisha, jua lisiangukie karatasi moja kwa moja. Ukilazimika kupiga usiku, washa redio ya umeme ili ikizima ujue.

Pili, toa cheti kwenye plastiki, kwa sababu plastiki inang'aa na maandishi yanafutika pichani. Tandika chini yake kitambaa cheusi kisicho na maua. Kitenge kinaichanganya programu isijue karatasi inaishia wapi.

Tatu, mkao. Laza simu katikati ya cheti, kamera chini, ukingo wa simu sambamba na ukingo wa karatasi. Egemeza viwiko mezani, ishike kwa mikono miwili, ipandishe wima taratibu mpaka karibu na kidevu. Kwa A4 ni kama urefu wa rula ya shule, au zaidi kidogo. Usibonyeze kioo, simu itainama; tumia kitufe cha sauti.

Kabla ya picha yenyewe, jaribu mkao huo kwa Lookout ya Google, programu inayosoma maandishi kwa sauti, sehemu ya nyaraka. Inakuelekeza usogeze simu wapi. Isiposoma neno hata moja, huenda umelaza cheti kifudifudi. Ikisoma kwa matamshi ya ajabu, huenda sauti ya simu ni ya Kiingereza. Weka ya Kiswahili.

Nne, ifungue picha uliyopiga na uisomeshe upya kabla ya kuituma, ukisikiliza jina lako na namba ya cheti hadi tarakimu ya mwisho. Niliwahi kutuma mgongo wa cheti.

Hatua ya 4: Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa)

Ikariri. Ina tarakimu 20, lakini 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zimebaki 12.

Hatua ya 5: Pesa

Noti zetu zinapishana urefu, ila kidogo mno kwa mtu mwenye haraka. Mimi nakunja: elfu kumi mara mbili, elfu tano kwa urefu, elfu mbili katikati, elfu moja haikunjwi. Chenji naomba nitajiwe noti moja moja, naikunja hapo hapo, foleni isubiri.

Kwenye *150*00# ya M-Pesa, menyu hukatika TalkBack (programu ya simu inayosoma kioo kwa sauti) ikiwa bado inasoma, hivyo kariri namba za menyu na ongeza kasi ya sauti. Vaa spika za masikioni: namba ya siri pale huandikwa wazi, na simu itaitangaza kwa wakala na wateja wake wote. Usimpe wakala akubonyezee, hata akikuita mama.

Hatua ya 6: Saini

Kata dirisha dogo kwenye kadi ngumu, upana wa saini yako. Karani aliweke juu ya mstari, wewe uandike ndani yake. Wengine watakusukumia wino wa dole gumba kabla hujafungua mdomo. Toa kadi yako, omba kalamu.