Somo: Kupanga mabomba ya maji taka na venti (bomba la hewa) unapoongeza choo na bafu la ndani

Wakuu, kosa kubwa la choo cha kuongeza hufanyika kabla sururu haijagusa ardhi: fundi anaanza kuchimba chooni akielekea kwenye septiki (tangi la maji taka). Anza kwenye septiki, urudi nyuma. Bomba la kuingilia septiki lipo pale lilipo, halishuki. Kinachoweza kupanda ni choo.

Mfano wetu ni nyumba ya chini, choo cha kukaa, shawa na sinki la kunawia.

Hatua ya 1: kina. Fungua mfuniko wa septiki. Kwa mpira mwangavu uliojaa maji, hamisha usawa wa sakafu ya bafu itakavyokuwa baada ya vigae, kisha pima kushuka hadi chini ya ndani ya bomba la kuingilia. Tuseme umepata sm 65, na njia ya bomba ni mita 11. Bomba la inchi 4 lishuke sm 2.5 kila mita, yaani sm 27.5 kwa njia nzima. Chooni, chini ya bomba itakuwa sm 37.5 kutoka sakafuni. Jamvi na vigae vinakula kama sm 15, elbo (kiungio cha kona) inapata nafasi yake.

Ungepata sm 40 badala ya 65, zingebaki 12.5 tu na elbo isingeingia. Hapo inua sakafu ya bafu kwa ngazi moja, na ikibidi punguza mteremko hadi sm 1.7 kwa mita. Chini ya hapo usishuke: maji yatapita, uchafu utabaki.

Hatua ya 2: nunua choo kwanza. Vyoo havilingani umbali wa tundu na ukuta. Umbali wa kiwandani unahesabiwa kutoka ukuta uliomalizika. Kama ukuta bado ni tofali tupu, ongeza sm 3 za plasta, gundi na kigae.

Hatua ya 3: vipimo na viungio. Choo inchi 4, shawa inchi 2, sinki inchi 1½. Bomba likilala chini tumia waii (kiungio cha umbo la Y) inayoelekea maji yanakokwenda, si tii (cha umbo la T). Kona kali igawe kwa elbo mbili za digrii 45. Kila njia inapopinda nje ya nyumba, jenga chemba, yaani shimo dogo la ukaguzi lenye mfuniko. Siku ya kuziba ndipo utakapoingizia waya wa kuzibulia.

Hatua ya 4: venti. Hapa ndipo wengi hubana matumizi. Ndani ya trapu ya sinki (kipande kilichopinda chini yake) kuna maji ya kina cha kama sm 5 hadi 7, na hayo ndiyo mlango pekee kati yako na septiki. Ukiflashi, lita 6 au 9 zinashuka kwa pamoja na kuvuta hewa nyuma yake. Hewa isipopatikana kwenye venti, itavutwa kupitia trapu: utasikia sinki likigugumia, maji yake yanaondoka, harufu inaingia.

Bila venti yake, bomba la sinki la inchi 1½ lisizidi mita 3 kabla ya kufika kwenye bomba lenye hewa. La shawa mita 4. La choo mita 6. Weka venti ya inchi 2 upande wa juu wa njia, karibu na choo. Itoke mgongoni mwa bomba, si ubavuni, uchafu usije ukaijaza. Ipite dari na bati, ifungwe kofia yenye wavu, na kama kuna dirisha ndani ya mita 3, iwe juu yake kwa sm 90. Venti iliyoishia darini inapeleka gesi ya septiki vyumbani.

Hatua ya 5: jaribu kabla ya zege. Laza bomba juu ya mchanga sm 10, bila mawe. Gundi ikauke usiku mzima. Ziba upande wa chemba, jaza maji hadi mdomo wa choo, weka alama, subiri dakika 30. Yakishuka, tafuta kiungio. Kisha funga midomo yote kwa nailoni. Uji wa saruji ukiingia humo hautoki.

MASWALI

*Asante kwa somo mkuu. Nikiflashi, maji yanapanda kwenye shawa. Ni venti?*
Hapana, hiyo ni kuziba mbele ya mahali shawa na choo vinapokutana. Fungua chemba ya kwanza: ikiwa imejaa, tatizo lipo mbele yake, ikiwa kavu, lipo kati yake na choo.

*Bafu la wageni linanuka ingawa venti ipo. Kwa nini?*
Trapu ya sakafuni imekauka, dada. Mwaga lita 2 za maji kila wiki bafu lisipotumika.

*Maji ya mvua ya bati naweza kuyaingiza kwenye chemba hiyo hiyo?*
Usithubutu. Mvua kubwa moja itachochea matope ya septiki na kuyasukuma kwenye shimo la kunyonya (linalopokea maji ya septiki yazame ardhini), vinyweleo vya udongo vizibe. Yapeleke kwenye tangi au mtaroni.

*Niko Kigamboni, nina kisima uani. Shimo la kunyonya liwe mbali kiasi gani?*
Angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako chake kiwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Pima kina cha maji wakati wa masika, si kiangazi. Kiwanja kikiwa kidogo kuliko hapo, maji ya kisima hicho yasinywewe.