Jinsi ya Kuunda na Kuendesha Timu ya Ghala la Data

Mwongozo huu ni wa aliyekabidhiwa jukumu la kuanzisha timu ya ghala la data, au aliyerithi timu ambayo ripoti zake haziaminiki. Ghala la data ni hifadhidata moja inayokusanya data ya mifumo mbalimbali ya kampuni kwa ajili ya ripoti; zaidi ya hapo maana naipita. Kama una mifumo mitatu na kila mmoja unatoa jumla yake ya mauzo ya mwezi, tatizo unalijua tayari.

Hatua ya 1: Mpate mdhamini na mchakato mmoja

Kabla ya kutangaza nafasi ya kazi, tafuta mkuu mmoja nje ya idara ya TEHAMA anayefanya uamuzi uleule kila wiki au kila mwezi kwa kubahatisha. Anaweza kuwa wa mauzo, wa fedha au wa ugavi. Huyo ana kazi tatu: kulinda bajeti, kuwaagiza wakuu wa idara wawaachie watu wao saa chache kila wiki, na kukata shauri idara mbili zinapovutana. Akikubali bajeti na kukwepa hizo mbili nyingine, endelea kutafuta.

Pamoja naye chagueni mchakato mmoja tu: mauzo, malipo, au bidhaa zinazoingia na kutoka stoo. Timu inayoahidi "data yote ya kampuni" huumaliza mwaka ikinakili majedwali, bila ripoti hata moja inayofunguliwa. Lenga kitu kinachotumika ndani ya miezi mitatu.

Hatua ya 2: Watu wanne wa kwanza

Waajiri kwa mpangilio huu:

1. Mchambuzi anayejua kusanifu majedwali. Ndiye atakayekaa na watumiaji, kwa hiyo awe anaandika SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) mwenyewe na awe na uvumilivu wa kumsikiliza mhasibu akieleza marejesho ya fedha kwa saa nzima.
2. Mhandisi wa data, wa kuvuta data kutoka mifumo chanzo na kuipakia.
3. Mtengeneza ripoti. Aje baada ya jedwali la kwanza kukamilika; akija mapema atajenga ripoti juu ya data ghafi, na hizo hazitaondoka tena.
4. Mhandisi wa pili, ili wa kwanza aweze kuugua.

Kiongozi wa timu ya ukubwa huu aandike msimbo angalau nusu ya siku. Mwanasayansi wa data asubiri: akiajiriwa wa kwanza atatumia muda wake wote kusafisha data, kazi ambayo hakuijia, kisha ataaga.

Kwenye usaili, weka pembeni mafumbo ya algorithimu. Mpe mwombaji majedwali mawili: la oda, lenye gharama ya usafirishaji, na la bidhaa zilizomo ndani ya kila oda. Mwombe jumla ya mauzo na usafirishaji kwa kila aina ya bidhaa. Oda moja ina usafirishaji wa 600 na bidhaa tatu. Atakayeunganisha majedwali na kujumlisha bila kufikiri atapata 1,800, kwa sababu ile 600 imejirudia kwenye kila mstari wa bidhaa. Unayemtaka ataacha kuandika na kukuuliza: "Hii 600 tuigawanye vipi? Kwa uzito, kwa thamani, au sawa kwa sawa?" Hilo ni swali la biashara, na aliyeliona bila kusukumwa utamfundisha mengine yote.

Hatua ya 3: Zana

Ugeuzaji wote, yaani kusafisha na kupanga data ghafi, uandikwe kwa SQL ndani ya ghala lenyewe, msimbo ukae kwenye Git (mfumo unaotunza kila toleo la msimbo), na mtu wa pili aukague kabla haujaanza kutumika. Zana ya dbt, inayoendesha SQL hiyo kwa mpangilio, inafaa sana kwa hili. Ratiba iendeshwe na Airflow (programu ya kupanga na kuendesha kazi), au cron (kipangaji rahisi cha kazi kwenye seva za Linux) ikiwa kazi hazizidi kumi. Zile programu za kuburuta visanduku kwa kipanya zinavutia siku ya maonyesho, lakini Git haiwezi kukuonyesha kwa lugha inayosomeka ni nini kilibadilika jana usiku, na hilo peke yake linatosha kuzikataa.

Data ikiwa gigabaiti mia chache, hifadhidata ya bure ya PostgreSQL inatosha. Ukienda kwenye huduma za wingu, soma namna wanavyotoza kabla ya kuwafungulia watumiaji. BigQuery ya Google, kwa mpango wake wa kawaida, hutoza kulingana na kiasi cha data kinachosomwa, hivyo gawa majedwali makubwa kwa tarehe na uweke kikomo cha kusoma. Snowflake, huduma nyingine ya wingu, hutoza muda ambao mashine ziko macho. Weka zizime zenyewe baada ya dakika moja ya kukaa bure.

Hatua ya 4: Kubaliana maana ya kila kipimo

Hapa ndipo miezi hupotea, na ndipo wahandisi hupenda kuruka ili "waanze kazi".

Chukua "mteja hai". Kwa watu wa mauzo, ni aliyenunua ndani ya siku 90. Kwa wa fedha, ni mwenye akaunti ambayo haijafungwa. Kwa wa huduma kwa wateja, ni aliyeingia kwenye mfumo ndani ya siku 30. Wote wako sahihi kwa kazi zao, na kuwalazimisha wachague moja ni kununua ugomvi usioisha. Tengeneza vipimo vitatu vyenye majina yanayojieleza: "wateja walionunua siku 90", "wateja wenye akaunti wazi", "wateja walioingia siku 30". Kisha neno "mteja hai" lisionekane peke yake popote kwenye ghala.

Kila kipimo kiwe na ukurasa wake: jina, maana kwa sentensi moja, fomula, vinavyoachwa nje (oda za majaribio, wafanyakazi wanaojinunulia, oda zilizofutwa), tarehe inayotumika, jina la mtu mwenye neno la mwisho, na siku tuliyokubaliana. Mwenye neno la mwisho awe mtu wa idara husika, asiwe wa timu yako. Timu ya ghala ikianza kuamua maana ya mapato, kila mgogoro wa takwimu utaishia mlangoni kwenu.

Kikao cha kukubaliana kina namna yake. Usizidishe watu watano, na usiende na karatasi tupu ukiuliza "mteja ni nani?", maana mtapata falsafa. Kokotoa kipimo kwa njia mbili zinazobishaniwa, kisha toa rekodi 20 zilizomo kwenye orodha moja na hazimo kwenye nyingine. Zipitieni moja moja. "Huyu alinunua akarudisha bidhaa siku hiyohiyo, tumhesabu?" Watu wasioelewana kuhusu fasili huelewana upesi kuhusu rekodi iliyo mbele yao, na kanuni inajitokeza baada ya rekodi sita au saba.

Kisha kila jedwali. Kabla ya kuandika safu yoyote, kamilisha sentensi hii: "Mstari mmoja katika jedwali hili ni…" Kwa mfano, "bidhaa moja ndani ya oda moja". Sentensi ikihitaji neno "au", una majedwali mawili. Hili ndilo lile kosa la 600 na 1,800, safari hii likiwa limejengwa ndani ya ghala lenyewe, mahali ambapo kila atakayejumlisha ataangukia.

Kwa usanifu, fuata njia ya Ralph Kimball, mtaalamu wa maghala ya data: jedwali la matukio katikati (mauzo, malipo), likizungukwa na majedwali ya maelezo (mteja, bidhaa, tarehe) yanayotumiwa kwa pamoja na kila mchakato. Njia ya mtaalamu mwenzake Bill Inmon, ya kujenga kwanza hifadhi moja iliyopangwa kikamilifu kwa shirika zima, ina hoja zake, ila watu wanne hawaiwezi huku mdhamini akisubiri ripoti.

Mambo matatu husahaulika kwenye vikao hivi, na kila moja litakurudisha nyuma:

*Historia.* Mteja amehama kanda ya kaskazini kwenda kusini. Mauzo yake ya mwaka jana yamfuate au yabaki kaskazini? Ukifuta kanda ya zamani na kuandika mpya, ripoti ya mwaka jana itabadilika kimyakimya, na msimamizi wa kaskazini atauliza mauzo yake yameenda wapi. Kwa safu zinazogusa malengo au kamisheni, ongeza mstari mpya wenye tarehe ya kuanza na kuisha. Kwa nyingine, kama namba ya simu, andika juu ya ile ya zamani. Uliza safu kwa safu. Na hata kabla hamjaamua, anza leo kutunza nakala ya kila siku ya majedwali ya wateja na bidhaa kama yalivyo kwenye chanzo. Nafasi ya kuhifadhi ni ya bei nafuu. Historia ambayo chanzo hakikuitunza hairudi.

*Tarehe.* Oda ina tarehe ya kuagizwa, kusafirishwa na kulipwa. Ziweke zote, na kila kipimo kitaje inayoitumia. Seva nyingi huandika saa kwa UTC, saa ya kimataifa. Kwa kampuni iliyo saa tatu mbele, oda iliyoandikwa saa 22:30 ya tarehe 31 kwa UTC iliagizwa saa 01:30 ya tarehe mosi, mwezi mwingine. Jumla za mwisho wa mwezi zikikataa kulingana kwa tofauti ndogo isiyoisha, anza kuchunguza hapa. Badilisha saa mara moja, mahali pamoja, data inapoingia. Usimwachie mtengeneza ripoti.

*Marejesho.* Bidhaa imeuzwa Aprili, imerudishwa Mei. Mauzo wanataka Aprili ipungue ili waone bidhaa mbovu. Fedha wameshaifunga Aprili, hawataigusa. Tunza tarehe zote mbili na utoe vipimo viwili, kila kimoja na mtu wake mwenye neno la mwisho.

Hatua ya 5: Kubaliana na wenye mifumo chanzo

Waandaaji wa programu watabadili jina la safu bila kukuambia. Upakiaji ukivunjika, una bahati, kwa sababu mmejua. Kibaya zaidi ni msimbo wa hali ya oda kuongezewa thamani mpya, upakiaji ukaendelea vizuri, na oda hizo zikaanguka nje ya kila ripoti.

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: majedwali mnayotegemea, notisi ya siku kumi za kazi kabla ya mabadiliko, na mtu wa kupigiwa. Karatasi hiyo husahaulika, kwa hiyo omba pia mtu wa timu yako awekwe kwenye Git yao kama mkaguzi wa lazima wa kila badiliko la muundo wa hifadhidata. Hiyo haisahauliki.

Jihadhari na upakiaji unaotegemea safu ya "tarehe ya marekebisho ya mwisho" ili kujua kilichobadilika. Rekodi iliyofutwa haina tarehe ya kuonyesha, na msimamizi wa hifadhidata anayerekebisha data moja kwa moja kwa SQL mara nyingi haigusi safu hiyo. Ghala linabaki na mizimu. Ama soma kumbukumbu za mabadiliko za hifadhidata yenyewe (programu ya Debezium hufanya hivyo kwa hifadhidata za PostgreSQL na MySQL), ama kila wiki linganisha orodha kamili ya funguo (vitambulisho vya kila rekodi) za chanzo na za ghala.

Hatua ya 6: Majaribio

Kila jedwali, bila msamaha: ufunguo haujirudii, safu muhimu si tupu, kila kitambulisho cha mteja kimo kwenye jedwali la wateja, na jumla ya jana inalingana na ya chanzo. Orodhesha pia thamani zinazoruhusiwa kwenye safu za hali. Ile oda iliyopotea ya hatua ya 5 hunaswa hapa. Jaribio likishindwa, upakiaji usimame na dashibodi ibaki na data ya jana, ikionyesha juu kabisa muda wa mwisho wa kupakiwa. Endesha ripoti mpya sambamba na ya zamani mpaka hesabu za miezi miwili zifungwe, kabla ya kuizima ya zamani.

Hatua ya 7: Zamu na foleni

Mtu mmoja wiki nzima anapokea maswali na hitilafu. Wengine hawajibu, hata swali likiwa la dakika mbili. Maombi yote yapite kwenye fomu moja yenye swali la lazima: "Ripoti hii itakusaidia kuamua nini?" Wengi huishia hapo wenyewe. Kengele ya hitilafu iliyolia mara tatu bila kuhitaji hatua yoyote, ifute.

Hatua ya 8: Kupogoa na kurithishana

Kila miezi mitatu angalia kumbukumbu za matumizi. Ripoti ambayo haijafunguliwa kwa siku 90, ifiche. Mwezi ukipita bila mtu kuiulizia, ifute pamoja na majedwali yake. Ziache za mwisho wa mwaka, ambazo ni haki yake kulala miezi kumi na moja.

Kila upakiaji uwe na watu wawili wanaoweza kuuendesha. Ili kujua kama mmefika, mwenye kazi aende likizo ya wiki mbili huku akaunti zake zikiwa zimefungwa. Yote ambayo wenzake walikwama wakitamani kumuuliza yaandikwe kwenye maelekezo, na ayaandike msaidizi wake. Mwenye kazi akirudi ayakague tu.