Dizeli haiwaki asubuhi: pima plagi za hita kabla ya kununua

Huku Njombe, kwenye baridi ya Juni na Julai, wateja wangu wa alfajiri wana wimbo mmoja: "Fundi, taa ya hita inawaka vizuri, lakini napiga stata mpaka betri inachoka." Taa hiyo usiiamini. Kwenye Hilux na Hiace za zamani inafuata muda tu. Hata plagi zote nne za hita, zile zinazopasha moto ndani ya injini ili dizeli iwake, zikifa, taa itawaka na kuzimika kama kawaida.

1. Injini ikiwa imelala usiku kucha, pima betri. Ikiwa chini ya volti 12.4, ichaji kwanza.

2. Weka waya mmoja wa mita kwenye bamba linalounganisha vichwa vya plagi, mwingine kwenye chuma cha injini. Mwenzako afungue swichi, asipige stata. Soma sekunde za mwanzo: ukiona volti 11 hivi, umeme unafika, nenda hatua ya 4.

3. Hakuna umeme, au ni hafifu? Angalia fyuzi kubwa, kisha rilei, yaani swichi ya umeme inayopeleka umeme kwenye plagi. Rilei kulia "tak" si ushahidi. Niliwahi kuletewa Hiace iliyobadilishiwa plagi mara mbili, kumbe rilei ilikuwa inalia huku ndani imeungua. Pima kati ya vichwa vyake viwili vinene ikiwa imeshika: mita isome karibu na sifuri. Ikisoma volti 2, itoe.

4. Fungua bamba lote. Wengi huruka hapa kwa uvivu, nami nilikuwa mmoja wao. Bamba likiwepo plagi zimeungana, kwa hiyo ukigusa iliyokufa, mita inasoma jirani zake. (Ziba chini kwa kitambaa, vile vinati vikidondoka utavitafuta hadi saa sita mchana.) Sasa pima ohmu kati ya kichwa cha kila plagi na injini. Nzima husoma kati ya 0.5 na 2. Isiyosoma kitu imekatika.

5. Kutoa plagi, subiri injini ipate moto kidogo na usilazimishe spana. Ikikatikia ndani, unafungua silinda hedi. Soma volti zilizoandikwa kwenye plagi kabla ya kuijaribu kwenye betri, maana ya volti 6 utaiunguza.

Ikifa moja, mimi hubadilisha zote nne. Bamba nalo lisugue kwa msasa mpaka ling'ae ndipo ulifunge.