Kihusishi gani hapa? Somo kwa tunaoandika Kiingereza Goma

Barua za kuomba kazi ninazoletewa kusahihisha hapa Goma huwa na tatizo lilelile: vitenzi viko sawa, vihusishi (vile vineno kama "in", "on", "at", "for") vimekosewa. Si uvivu. Mwandishi amezaliwa na Kiswahili, amesomea Kifaransa, na kila lugha inamnong'oneza neno lake.

Hatua ya 1. Tafuta aliyekunong'oneza. "Interested by" ni "intéressé par" ya Kifaransa. Andika "interested in". "Responsible of" ni "responsable de". Andika "responsible for". Vivyo hivyo "depend on", si "depend of".

Hatua ya 2, na hapa tukae kidogo. Kiswahili kina "-ni" inayobeba kila kitu: kitabu kiko mezani, watoto wako mezani wanakula. Kiingereza kinatenganisha. Kitabu kiko "on the table", kimelala juu yake; watoto wako "at the table", wameizunguka. Basi chora picha kichwani kabla ya kuandika. Boti ya Bukavu unaweza kutembea ndani yake, kwa hiyo "on the boat". Pikipiki unaikalia juu: "on a motorbike". Gari dogo unaingia na kuketi tu: "in a car". Ukitaja njia ya safari peke yake, ni "by boat", bila "a" wala "the".

Hatua ya 3. Wakati: "at 8 o'clock", "on Monday", "in June". Kariri.

Hatua ya 4. Kwenye daftari, kitenzi kiandike pamoja na kihusishi chake: "wait for", "listen to", "apply for". Sisi tunasubiri mtu na kusikiliza redio bila neno katikati, ndiyo maana "for" na "to" hudondoka.

MASWALI

Dada wa Himbi: Mwalimu, "discuss about the problem" ni kosa? Mbona tunasema kujadili kuhusu tatizo?

Jibu: Ni kosa, dada. "Discuss the problem", basi. Ila nomino inakubali: "a discussion about the problem".

Kaka wa Ndosho: Nimeona "at the weekend" na "on the weekend".

Jibu: Ya kwanza ni ya Uingereza, ya pili ya Marekani. Usizichanganye katika barua moja.

Mama wa Katindo: Nimefika Goma, ni "arrive to Goma"?

Jibu: Hapana, mama. Mji ni "arrive in Goma". Bandarini ni "arrive at the port". Na ukieleza mji ulipo, "Goma is on Lake Kivu": ukiandika "in", umetuzamisha ziwani sote.

Dada wa Himbi: Aksanti, Mwalimu. Narudia barua yangu leo.